Khiyari ya Mikarafuu Kumi na Mmoja

Mkasi binti Kombo kafa wiki ya juzi, kazikwa Wete, nami nilikwenda. Kutoka hapa Gombani hadi kule si mbali kwa mtu mwenye magoti, lakini magoti yangu siku hizi hutaka kuombwa ruhusa tangu jana yake. Wanaume walipotoka makaburini, mwanawe mkubwa alisimama barazani akasema maneno yanayosemwa kila msiba, kwamba anayemdai marehemu asione haya, ajitokeze kwa warithi, watalipa. Sisi wanawake tulikuwa ndani tumebanana juu ya mikeka, tukayasikia kupitia dirishani. Hakujitokeza mtu. Ikapitishwa kahawa. Mimi nilikaa na kikombe changu mpaka kikapoa, nikingoja waulize na la pili, kuna nani humu anayedaiwa na marehemu? Hilo haliulizwi. Nimezika watu wengi katika umri huu na sijalisikia hata mara moja.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mjukuu wangu Hidaya kakaa sakafuni na karatasi ya kikundi chao cha kuweka na kukopa. Wamepewa maneno wayajue kabla hawajapata mkopo: mtaji, faida, ubia, riba, dhamana, amana, na mengine siyakumbuki. Kila neno limeelezwa kwa maneno magumu kuliko lenyewe. Akaniuliza, "Bibi, hebu niambie kwa lugha ya watu, mtaji ni n'ni?" Nikamwambia niache nivue viatu, nitakuandikia. Akacheka, maana anajua herufi nilizisoma ukubwani, darasa la watu wazima, na mwandiko wangu hupanda mlima kila ufikapo mwisho wa mstari. Lakini maneno hayo ya karatasi yake mimi niliyajua kabla sijajua kuandika jina langu. Niliyasoma mwaka mmoja, na kuna mtu aliyelipa ada yangu bila kujua.

Wazazi wangu niwaache walipo, walikuwa watu wa Vitongoji, wema, wamekufa. Mwaka ule nilikuwa na ishirini au ishirini na moja. Nilikuwa nimeshaolewa na kuachwa, na huyo mume naye nimwache, hana sehemu humu. Nilipanga chumba Wete, nyumba moja na Mkasi na mumewe, baharia aliyekuwa akienda Tanga na kurudi, zaidi akienda. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Chake kilikuwa na hayo hayo na kioo. Kazi yangu ilikuwa kuchambua karafuu kwa Bi Raya, mjane mwenye mashamba, yaani tunakaa wanawake kumi juu ya jamvi tunatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, vidole vinakuwa vyeusi na vinanukia hata ukila. Mkasi hakuwa na haja ya kazi hiyo. Mama yake alimwachia mikarafuu kumi na mmoja Limbani, ardhi ya mtu mwingine lakini miti yake, na kwetu hilo ni jambo la kawaida, mtu humiliki mti asimiliki mchanga uliousimamisha.

Mkasi ndiye aliyekuwa na fikira. Nasema hivi kwa sababu miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba fikira ilikuwa yangu. Alisema msimu unakuja, wachumaji watatoka Unguja na bara kwa mamia, wanaamka alfajiri hawana mke wala jiko, sisi tupike mikate ya mofa tuwapelekee moto moto mashambani. "Wewe una mikono," aliniambia, "mie nina miti. Tuchanganye." Huo, Hidaya, ndio ubia. Watu wawili, kila mmoja ana kitu mwenziwe hana, wanakitia chungu kimoja. Faida nusu kwa nusu, hasara nusu kwa nusu. Tulikubaliana hivyo tukiwa tunakula muhogo wa kuchemsha na papa mkavu, tumekaa kizingitini, na hatukuandika popote. Jasho ni nusu kwa nusu au vipi, hilo hatukulitaja.

Tulitaka mitungi mikubwa miwili ya mofa, magunia ya mtama, kuni, na mtu wa punda. Rupia arubaini. Wakati huo fedha ni rupia, na arubaini ni nyingi. Fedha hiyo ndiyo mtaji, na mimi namwambia Hidaya kwamba mtaji ni fedha unayoitoa ukiwa na njaa badala ya kuila. Ukiila ni chakula tu. Ukiitoa, unabaki na njaa ile ile na wasiwasi juu yake.

Tulikwenda kwanza kwa Bwana Kanji, Mhindi mwenye duka la nafaka, mtu mfupi aliyekuwa na tabia ya kufuta mizani yake kwa kitambaa kila baada ya mteja, hata kama hukununua kitu. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nawapa arubaini, Bi Mkasi. Msimu ukiisha leteni arubaini na nne. Miti sitaki, hati sitaki, nawajua."

"Hizo nne za n'ni?" akauliza Mkasi.

"Za kungoja. Fedha yangu imekaa kwenu, haikukaa kwangu. Nne ni bei ya kukaa."

"Hiyo ni riba, bwana."

"Ndiyo, ni riba," alisema Kanji. Hakuficha wala hakuipamba, nami nimekuja kumheshimu kwa hilo baadaye sana.

Mkasi akajifunika buibui lake vizuri. "Nife nikutane na Mola wangu nina riba tumboni? Ahsante, Bwana Kanji. Tutakwenda kwa Waislamu wenzetu."

Kanji akafuta mizani. "Haya, mama. Lakini muulize huyo Mwislamu mwenzio bei yake ya kukaa ni ngapi."

Njiani Mkasi alikuwa na furaha kama mtu aliyeruka shimo. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Bi Raya.

Nyumba ya Bi Raya ilikuwa ya mawe, na chumba alichopokea watu kilikuwa juu, kina kitanda cha miguu mirefu, saa ya ukutani, na harufu ya karafuu iliyoingia katika chokaa hata mvua haikuitoa. Alikuwa mwanamke mwembamba, anatafuna tambuu polepole, na sauti yake haikupanda siku hata moja. Mimi kwake nilikuwa mchambuaji. Nilimshika mkono nikaubusu, Mkasi akafanya vile vile. Akasikia shida yetu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Riba ni haramu, mwanangu, umefanya vyema kuikataa. Mie sikukopeshi. Mie n'tanunua miti yako. Kumi na mmoja kwa rupia arubaini."

"Miti ile haina bei hiyo, Bi Raya," Mkasi akasema kwa adabu. Na kweli haikuwa nayo, ilikuwa mara nne au tano ya hapo.

"Najua. Ndiyo maana nakupa khiyari. Utaniuzia leo, na ndani ya mwaka mmoja ukinirejeshea arubaini yangu, miti inarudi kwako kama haijawahi kutoka. Na kwa mwaka huo utaendelea kuchuma mwenyewe, kama mpangaji, unanipa ijara kidogo. Rupia nane."

Kwa Kanji nne, kwa Bi Raya nane na miti juu. Lakini nne ziliitwa riba na nane ziliitwa ijara, yaani kodi, na Mkasi alikuwa mtu wa kuheshimu majina. Hati ikaandikwa, mashahidi wawili wakatia mkono. Mwisho wa khiyari siku ya ishirini ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, jua likizama. Tulipokuwa tunashuka ngazi Bi Raya aliniita nirudi nichukue kanga yangu niliyoisahau, akaniambia kwa sauti ile ile, "Rafiki yako aogopa riba kama paka aogopavyo maji. Mie nawapenda watu wa namna hiyo. Hawaangalii wanakanyaga wapi." Nikacheka. Nilicheka, naandika hapa, kwa sababu alicheka nami kana kwamba tuko upande mmoja.

Msimu ule tuliuza. Mofa hupikwa kwa kubandika donge ndani ya ukuta wa mtungi uliopata moto mpaka umekuwa mweupe, unatia mkono wote humo na kuutoa kabla hujaiva wewe. Mpaka leo mkono wangu wa kulia hauoti nywele. Wachumaji walikuwa wakitusikia tunakuja wanashuka mitini. Walikuwa na mizaha michafu, mmoja mtu wa Makunduchi alikuwa akisema, "Leo mkate umenuna, nani kaugombeza, weye au mwenzio?" na Mkasi akimjibu, "Umenuna kwa kukuona wewe, hebu lipa." Faida, Hidaya, ni kile kinachobaki mkononi baada ya kila mtu mwingine kuondoka na chake: mwenye mtama, mwenye kuni, mwenye punda. Watu wengi huhesabu kabla mwenye punda hajafika. Sisi ilibaki, na tuligawana nusu kwa nusu juu ya kitanda changu, rupia huku rupia kule.

Kisha Mkasi akashika mimba. Moto wa mofa ukawa unamtapisha. Akakaa kwenye mkeka kivulini akikanda unga na kusema nasaha, na mimi nikatia mkono motoni kwa wawili. Jioni tunagawana nusu kwa nusu. Hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa kweli, uso umekuwa kijivu, na mara mbili aliniambia, "Time, chukua zaidi, unafanya zaidi," na mara mbili nilimwambia aa, shoga, ubia ni ubia. Nilitaka aseme mara ya tatu. Hakusema. Usiku nikilala nilikuwa nahesabu mikate yake iliyopikwa na mkono wangu. Najua hili ni jambo dogo. Nimekaa na miaka sitini kulipima na limekataa kuwa kubwa.

Alijifungua mtoto wa kiume siku kumi kabla ya mwisho wa khiyari. Mumewe yuko Tanga. Mzazi kwetu yuko ndani siku arubaini, anafukizwa, anakandwa kwa maji ya moto, hatoki mlangoni hata nyumba ikishika moto jirani. Tulikuwa tumekubaliana kila mmoja atoe ishirini zake, maana mtaji ulikuwa wa wote ingawa miti ilikuwa ya mmoja. Ile siku ya ishirini, baada ya sala ya alasiri, aliniita chumbani. Kulikuwa na moshi wa ubani, na sahani ya uji wa pilipili manga kando ya kitanda. Akatoa fundo chini ya mto. "Hizi ishirini zangu. Hii ni amana, Time. Mpe mkononi mwake, uniletee hati yangu."

Amana ni kitu cha mtu kilicho kwako lakini si chako. Ndiyo maana yake yote. Karatasi ya Hidaya imeielezea kwa mistari mitano.

Nilifika kwa Bi Raya jua bado liko juu ya minazi. Nilikuwa na mafundo mawili, lake na langu, nimeyafunga kwenye pindo mbili mbalimbali za kanga. Bi Raya alikuwa kakaa chini mbele ya sinia. Wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchuzi wa embe mbichi, na bilauri ya maji yenye hiliki. Mimi tangu asubuhi nilikuwa sijala, nimepika mikate ya watu.

"Karibu, kaa ule."

"Ahsante, Bi Raya, nimekuja kwa ile khiyari ya Mkasi. Nina arubaini kamili."

"Najua ulilokujia. Chakula hakimfukuzi mtu. Kaa."

Nikanawa, nikakaa. Akanimegea samaki mwenyewe, sehemu ya tumboni yenye mafuta, akaiweka upande wangu. Sikuwahi kula sinia moja na yeye. Tulipokuwa tukichambua karafuu zake tulikuwa tukila uani, mihogo.

"Ishirini zako zi wapi katika hizo?" akauliza.

Nikamwonyesha fundo langu.

"Na miti ikirudi, wewe utapata n'ni?"

"Miti ni yake, Bi Raya."

"Sikuuliza ni ya nani. Nimeuliza wewe utapata n'ni." Akamwaga mchuzi juu ya wali wangu. "Mwaka mzima umeunguza mkono. Yeye anarudishiwa miti inayozaa miaka arubaini, nawe unarudi chumbani kwako na kitanda cha kamba. Ishirini zako zimekwenda kukomboa mali ya mtu. Hiyo, mwanangu, yaitwa hasara, hata kama mtu atakwambia ahsante."

 Nilikuwa natafuna.

"Mie sikwambii ufanye kitu," akasema. "Sikwambii uibe, sikwambii useme uongo. Kula tu, chakula kizuri hakiliwi mbio. Ikipita magharibi, miti ni yangu kwa hati. Nami sina nguvu ya kusimamia wachumaji tena. Nitakuuzia nusu yake kwa hizo ishirini zako. Mbia wangu. Na za mwenzio utamrudishia mkononi, zote, amana yake itakuwa salama."

Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yake, mimi nimeielekea. Jua lilikuwa limeingia dirishani na kufika kwenye mguu wa kitanda. Nimesikia watu wakisema kwamba wakati kama ule moyo hupiga, mikono hutetemeka. Mimi nakwambia wali ule ulikuwa mtamu. Nakumbuka embe lilikuwa limekatwa na ganda lake. Nilikula kwa utaratibu, nikachambua miba ya changu moja moja na kuipanga ukingoni mwa sinia, kama mtu anayechambua makonyo. Mara moja nilimfikiria Mkasi amelala katika moshi, na mara hiyo hiyo nikamfikiria amekaa kivulini akinipa nasaha jinsi ya kubandika donge. Nikaomba niongezewe wali. Bi Raya akaniongezea. Muadhini aliposema Allahu Akbar, yeye akachokoa meno, akaosha vidole, akasema, "Haya. Tukasali."

Mkasi alikuwa macho niliporudi. Nikaweka fundo lake juu ya kitanda. Nikamwambia, "Nimechelewa. Jua limezama niko kwake." Na haya yote mawili yalikuwa kweli.

Hakulia. Alifungua fundo akahesabu, sijui kwa nini, labda mikono ilitaka kazi. Ishirini. Akauliza, "Na zako wewe, Time?"

"Zangu ninazo."

Akalifunga tena fundo lake. Mtoto akaanza kulia, akampa ziwa. Hakuniuliza tena, siku ile wala baada yake. Alipotoka Tanga mumewe alitaka kwenda kushitaki. Nilimsikia kupitia ukutani akipandisha sauti, na nikamsikia Mkasi akimwambia, "Kachelewa, basi. Mtu huchelewa." Wapo watu walioshitaki kesi kama zile wakapata haki zao. Yeye alizuia isishitakiwe, na sababu yake sijui mpaka leo kama ilikuwa kuniamini au kunijua.

Mwezi ule nilihama nyumba, na ishirini zangu zikaenda kwa Bi Raya kwa nusu ya miti. Msimu ulikuwa umefunguka, mkubwa kuliko wa mwaka uliopita, mikarafuu ya Limbani imewiva mpaka matawi yameinama. Nilikaa pale juu ya jamvi mchana kutwa na pishi ya mbao mkononi. Wachumaji hulipwa kwa pishi, na Bi Raya alinifunza jinsi ya kupima. Kuna pishi ya mfuto, unapitisha kijiti juu ikawa sawa na ukingo, na kuna pishi ya kichwa, unajaza mpaka inapanda kama kichuguu na zinazomwagika ni za mwenye shamba. Mashamba mengine hulipa za mfuto. Sisi tulipima za kichwa. Bi Raya alisema hapo ndipo faida inapokaa, kwenye kile kichwa.

Siku arubaini za uzazi za Mkasi zilikwisha. Siku ya pili yake niliinua uso nikamwona katika mstari wa wachumaji, ana mtoto mgongoni kwa kanga na pakacha mkononi. Ijara ya rupia nane alikuwa bado hajaimaliza, na ishirini zake zilishakwenda kwa mkunga na dawa. Alikuwa amechuma miti ya mwisho, ile mitatu iliyo karibu na njia, najua kwa sababu matawi yake ya chini ni ya kufikiwa bila kupanda. Alikuwa akiijua kila mmoja. Waliokuwa mbele yake walipimiwa wakaondoka, naye akasogea, akasema, "Habari za kazi, Bi Time." Kabla ya hapo hakuwa ameniita Bi.

"Nzuri. Mimina."

Akamimina. Nikajaza pishi ya kwanza, ikafika ukingo. Kijiti kilikuwa pale pale chini ya goti langu. Wachumaji wanatazama. Mkasi alinisubiri kidogo, akaona sikishiki, akachota karafuu kwa mikono miwili akazirundika mwenyewe juu ya pishi, taratibu, mpaka ikafanya kichwa na zikaanza kuteremka upande wangu wa jamvi. Ya pili vivyo hivyo, ya tatu vivyo hivyo. Pakacha likabaki na nusu pishi.

"Nusu hatulipi," nikamwambia.

Akaitazama ile nusu. Nyuma yake mtu akasema, "Aa, na mtoto mgongoni." Mkasi akaliinamisha pakacha, akaimwaga nusu yote juu ya jamvi langu, akalikung'uta isibaki hata moja. Akapokea malipo ya pishi tatu, akaikaza kanga ya mtoto, akaniuliza kesho kazi inaanza saa ngapi.

Nikamwambia saa kumi na mbili, na asichelewe.